Utamadunisho Umaasaini: tumeazima nyasi na lubega, lakini nani anaamua?

Mwana wa Monduli Juu (mwanzisha uzi)

Wanajamvi, heshima kwenu wote.

Ikifika Pasaka au sherehe ya upadrisho, picha zinaanza kuzunguka: padre kavaa kasula ya rangi ya shuka, shanga kifuani, vijana wanaruka, akina mama wanarusha mabega, na chini yake watu wanaandika "hongera Kanisa kwa kuenzi utamaduni". Mimi ni Mkatoliki, nimelelewa humo na ibada hizo nazipenda. Lakini ukizitazama picha vizuri utamwona mzee mmoja au wawili wamesimama mbali, fimbo begani, hawaingii. Wake zake wamo ndani, wajukuu wamo ndani, yeye hayumo. Uzi huu ni juu ya huyo mzee, na pia juu ya hao walioko ndani.

Naiweka hoja mezani mapema: utamadunisho, yaani kuingiza mila zetu kwenye ibada, hapa Umaasaini umekwama kwenye mavazi na vyombo kwa sababu hatukutaka kugusa suala la nani anaamua. Tuliazima nyasi, tukaacha mamlaka yake.

Tuanzie Loliondo. Miaka ya 60 alikuwapo pale Padre Vincent Donovan, Mmarekani wa Shirika la Roho Mtakatifu. Mei 1966 alimwandikia askofu wake, Dennis Durning wa Jimbo la Arusha, barua ambayo hadi leo inasomwa seminarini. Alisema kwa uwazi: misheni ina shule nne na hospitali, uhusiano na Wamaasai ni mzuri, watu wanapewa lifti, wanatibiwa, wanasomeshewa watoto, lakini hakuna Mmaasai mtu mzima anayeishi Ukristo. Watoto waliobatizwa shuleni wakimaliza wanarudi bomani na dini inaishia hapo. Akaomba ruhusa aweke pembeni shughuli zote, aende boma kwa boma kuzungumza na watu juu ya Mungu, basi.

Akaruhusiwa. Alichokikuta huko ndicho ninachotaka mkizingatie. Baada ya mafundisho ya karibu mwaka mzima alifika kwenye boma la mzee Ndangoya na kuanza kuchambua: huyu hakuhudhuria, huyu hakuelewa, yule mvivu, hawa wabatizwe na hawa wasubiri. Mzee akamkatalia. Akamwambia kwamba waliotangulia kuelewa waliwasaidia waliochelewa, wenye imani kubwa waliwabeba wenye imani ndogo, na kama ni kuamini wameamini wote pamoja. Donovan akawabatiza wote. Na lilikuwapo boma jingine lililosikiliza kwa muda ule ule, wazee wakakaa, wakamwambia hapana. Naye akaondoka, akaheshimu hiyo hapana.

Hapo Kanisa lilikuwa limekutana na Umaasai wenyewe: watu wanaotahiriwa kwa rika, wanaoingia umorani kwa rika, wanaotoka umorani kwa rika kwenye sherehe ya eunoto, na wanaozeeka kwa rika. Majina ya rika ni Seuri, Makaa, Landisi, Korianga. Jambo zito halimfikii mtu mmoja mmoja. Linakaa kwenye kikao cha wazee mpaka liive.

Sasa nyasi. Katika misa zile za mwanzo nyasi zilianza kuzungushwa mara padre alipofika bomani, kutoka mtu kwa mtu, nyumba kwa nyumba, kama ishara ya amani. Anayeishika anakubali yuko na amani na aliyempa. Kama kuna familia imegombana na nyingine na mtu akakataa kuzipokea, nyasi zinasimama hapo. Na zikisimama, wazee waliweza kusema leo hakuna misa. Padre katembea na gari siku nzima, mkate upo, divai ipo, na misa hakuna.

Leo nyasi zinapitishwa dakika moja baada ya Baba Yetu, na misa inaendelea hata kama nusu ya kigango hawasalimiani. Niambieni, kipi kimetamadunishwa hapo?

Karibuni, naomba hoja.

Ngarenaro_Boy

Mkuu, uzi mzito. Mimi ni mtu wa mjini, mama Mrangi, baba Mwarusha asiyejua mila. Nieleweshe: kwa nini nyasi? Na nasikia kuna mambo ya kutemea watu mate ibadani, hilo nalo limekaaje?

Mwana wa Monduli Juu

Ngarenaro_Boy, asante kwa kuuliza kwa nia njema.

Nyasi ni chakula cha ng'ombe, na ng'ombe ndiye uhai wetu. Ukimkuta mtu amekasirika fimbo juu na wewe ukang'oa nyasi mbichi ukamnyoshea, hawezi kukupiga. Ukiomba radhi unashika nyasi. Mvua zikichelewa watu wanaomba wakiwa na nyasi mkononi. Vibuyu vya baraka huzibwa kwa nyasi mdomoni. Tangu mtoto anaanza kuchunga ndama anajua maana yake, haihitaji semina.

Mate ni baraka. Mzee akimbariki mtoto anampulizia mate kidogo kichwani au usoni. Mate ni kitu cha ndani ya mtu, kwa hiyo anakupa kitu chake mwenyewe. Ndiyo maana mapadre wa Loliondo walipotafuta ishara ya msamaha waliona wazi kwamba ipo tayari: mtoto aliyemkosea babaye hadi wakaacha kusemeshana, siku baba akikubali kumtemea baraka, kosa limekwisha. Hakuna anayelitaja tena.

Pamoja na hayo mzee akiomba, anatamka sentensi fupi na kundi zima linajibu "Naai!", sentensi nyingine, "Naai!", mpaka hewa inajaa. Mnaojua litania mtaona hapakuwa na haja ya kumfundisha Mmaasai litania.

Mwinjilisti_Ketumbeine

Bwana asifiwe. Mimi ni wa KKKT. Ndugu mwanzisha uzi umeanza na 1966 kana kwamba Injili ilifika kwa Wamaa siku hiyo. Tuweke kumbukumbu sawa.

Wamisionari wa Leipzig, Walutheri wa Ujerumani, walifika Kilimanjaro 1893. Oktoba 1896 wawili kati yao, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri kule Meru na morani wa Kiarusha na Kimeru. Wajerumani wakalipiza kisasi kikali sana: watu waliuawa, mifugo ikachukuliwa, migomba ikakatwa. Misheni ikarudi baadaye, Nkoaranga 1902 na Ilboru 1904. Kwa hiyo kwa Waarusha, ambao ni ndugu zetu wa lugha na rika, Injili ilikuja nyuma ya bunduki, na wazee hawakusahau. Unaposema mzee amesimama mbali, wakati mwingine sababu yake ni ya zamani kuliko nyasi na lubega.

Pili, sisi Walutheri hatukuwa na mjadala mkubwa wa ishara. Kazi kubwa ilifanywa na wainjilisti, watu wa hapa hapa, wengi elimu ndogo, wanaotembea kwa miguu kutoka mtaa hadi mtaa, Longido, Gelai, Engaruka, wanahubiri Kimaasai chini ya mgunga. Nyimbo walitunga waumini wenyewe kwa mtindo wa kuitikiana, kiongozi anatoa, kundi linajibu. Hakuna kamati iliyokaa kupanga. Biblia nzima ya Kimaa ilipotoka 1991 akina mama wasiojua kusoma walikuwa tayari na mistari kichwani kwa sababu waliiimba kwanza.

Kwa hiyo nakubaliana nawe nusu. Mpe mtu lugha yake na wimbo wake, mengine atayapanga mwenyewe. Tatizo letu leo ni kwamba mchungaji anapangiwa kutoka mbali, anahubiri kwa Kiswahili, mwinjilisti anatafsiri, na nusu ya mahubiri inapotea njiani.

Mjukuu wa Oloiboni

Nitaongea kwa heshima ila nitaongea ukweli wangu.

Mnajadili namna nzuri ya kuingiza dini. Mimi nauliza, ilihitajika? Bibi zangu waliamka alfajiri kabla ya kukamua, wakatoka mlangoni na maziwa, wakanyunyizia juu wakimwomba Engai awape watoto na mvua. Tulikuwa na Mungu mmoja kabla ya meli yoyote kufika Mombasa. Mlima wake tunauona kila siku, Oldoinyo Lengai. Tulikuwa na mti wa oreteti wa kuombea, tulikuwa na toba, tulikuwa na baraka, tulikuwa na namna ya kumsafisha aliyeua. Kisha akaja mtu akatuambia hayo yote ni giza. Sasa kizazi cha pili kinakuja kinasema samahani, hayo yote ni mazuri, tutayatumia kanisani. Kwanza mlituvua nguo zetu, sasa mnazivaa ninyi.

Na kubatizwa kulimaanisha kuwa ormeek, mtu wa suruali, mtu wa serikali. Wazee waliwapeleka shuleni watoto ambao hawakuwataka. Hilo mbona hamlisemi?

Mwana wa Monduli Juu

Mjukuu wa Oloiboni, umesema kitu ambacho watu wa Kanisa tunapaswa kukisikiliza bila kukimbilia kujibu. Kweli tuliitwa giza. Kweli kwa muda mrefu mtu aliyebatizwa aliambiwa anyoe nywele za umorani, avue shuka, avae suruali, abadili jina. Na kweli ormeek ni neno lililoumiza watu wengi ndani ya boma lao wenyewe.

Hata Donovan lilimkuta. Aliwauliza wazee juu ya Engai akitegemea kukuta Mungu wa kabila moja, kisha akajikuta anaulizwa yeye kama watu wake wamewahi kumwona Mungu wa juu anayewapenda watu wote. Ilibidi akubali kwamba hata kwao Ulaya na Marekani watu humfanya Mungu kuwa wa kwao peke yao, wa kubariki vita vyao. Alitoka kwenye kikao kile amefundishwa.

Ninachoamini mimi ni kwamba bibi yako aliomba na alisikiwa. Injili kwangu haiji kumleta Engai, alikuwapo. Inakuja na habari za Yesu, na mtu ana haki ya kuzisikia na ana haki ya kuzikataa. Ndiyo maana boma lile lililokataa nalitaja kila mara. Misheni isiyoruhusu hapana haijamheshimu anayeambiwa.

Ole wa Narok

Nawasalimu kutoka upande wa Kenya. Huku historia yetu ni tofauti kidogo. Misheni ya Africa Inland ilianza kazi na Wamaasai mapema miaka ya 1900 kupitia John Stauffacher, na mmoja wa watu wa kwanza kabisa ni Molonket ole Sempele. Huyu mzee aliuza ng'ombe zake mwenyewe, akapanda meli 1909 kwenda kusoma Marekani, huko Virginia. Fikirieni morani wa wakati ule anauza ng'ombe alipe nauli ya meli. Hakuna aliyembeba.

Lakini ile misheni ilipotaka waumini waape kuacha tohara ya wasichana, wakati wa ule mgogoro wa 1929 na 1930 uliowatikisa sana Wakikuyu, moto ulifika mpaka Siyiapei kwetu Narok na watu wakagawanyika. Kwa hivyo mimi nikisikia "utamadunisho" nauliza swali gumu: tunakubali mila zote? Nyasi sawa, maziwa sawa. Na kisu je?

Yeyo_Simanjiro

Sopai, mwanangu uliyeanzisha. Nimesoma yote polepole, mjukuu wangu ananisaidia kuchapa.

Nyinyi wanaume mmeongea vizuri, lakini mmeongea juu ya wazee, rika, morani, oloiboni yule mganga wetu. Huyo padre wa Loliondo alikwenda kuongea na wazee kwa sababu alijua wazee ndio wanaoamua. Sasa ingia kanisani Jumapili yoyote, Simanjiro, Monduli, Longido, uhesabu nani amekaa. Ni sisi. Wanaume ni mwalimu, katekista, vijana wawili na mzee mgonjwa. Mapadre walianza na shule za wavulana, wavulana wakatoroka au wakaondoka. Wakaenda maboma wakaongea na wazee, wazee wakasikiliza wakaendelea na ng'ombe zao. Sisi tulikuwa tumekaa nyuma tunasikiliza. Hatukualikwa sana. Tulikuja wenyewe.

Niwaambie jinsi ilivyokuwa. Kulikuwa na ugonjwa wa orpeko. Mama anakuwa mzima, halafu anakataa kula, analia, anaanguka, anaota ndoto mbaya, mwili unatetemeka, hawezi kukamua, hawezi kufanya kitu. Wanampeleka kwa oloiboni, mbuzi anatoka, ng'ombe anatoka, hapati nafuu. Ikajulikana kwamba mwanamke mwenye orpeko akienda kwenye mafundisho akabatizwa, inamwacha. Mume ambaye angempiga mkewe kwa kwenda kanisani, sasa anamruhusu, kwa sababu mke mgonjwa ni nyumba iliyofungwa. Ndivyo wengi tulivyopata njia. Wapo wasomi waliokuja Monduli kuandika habari hizo, mmoja ni mama wa Kimarekani anaitwa Dorothy Hodgson, naye aliona hilo hilo: kanisa lililotafuta wanaume limekuwa kanisa la wanawake.

Kwa nini tulikaa hata baada ya kupona? Nitasema yangu. Bomani mwanamke hana kikao. Wazee wana kikao chini ya mti, morani wana manyatta, kambi yao, sisi tulikuwa na olamal tu, pale wanawake tunapokusanyika kwenda kuombewa uzazi, na hiyo haiji kila mwezi. Kanisa likatupa kikao kila wiki. Tunaimba, tunaomba, tunasikia habari za mwenzetu aliyepigwa, tunachanga shilingi kwa aliyefiwa na ng'ombe. Na kuomba kulikuwa kwetu tangu zamani. Mjukuu wa Oloiboni amesema kweli, aliyekuwa anaamka na maziwa alfajiri ni bibi, babu alikuwa amelala. Sisi tunapoimba tunamwita Engai mwenye nguo zilizolowa mvua, kama mama. Hatukuacha kitu nje ya mlango.

Kuhusu kisu, Ole wa Narok. Mimi nimekatwa. Sheria ya Tanzania imekataza tangu 1998 kwa aliye chini ya miaka kumi na minane, na huko kwenu sheria ya 2011 imekataza kwa wote. Unajua kilichofuata? Wengine wakaanza kuwakata wakiwa wachanga ili isijulikane. Mahubiri ya kulaani hayakumaliza, polisi hawakumaliza. Pale nilipoona inakwisha ni pale akina yeyo, yaani akina mama, wenyewe walipokubaliana kwenye jumuiya kwamba binti zao hawatakatwa, na kila mmoja akajua kwamba mtoto wa jirani pia hajakatwa, hivyo hakuna wa kumcheka mwenzie na hakuna wa kusema binti huyu haolewi. Mama mmoja peke yake hawezi. Ndiyo yale yale ya mzee Ndangoya, tumeamini wote pamoja. Tofauti ni kwamba safari hii waliokaa kikao ni wanawake.

Mwana wa Monduli Juu

Epa, yeyo. Nimeinamisha kichwa.

Naomba wanajamvi waisome hiyo aya ya mwisho mara mbili. Mimi nilianza na nani anaamua nikiwa namfikiria mzee na padre. Yeyo ametuonyesha mwamuzi wa tatu ambaye hakuwa kwenye mpango wa mtu yeyote.

Naongeza kidogo: ndiyo maana shule kama MaaSAE ya wasichana pale Monduli, ya Walutheri, iliyofunguliwa 1995, imefanya kazi ambayo mahubiri mengi hayakufanya. Binti anasoma, anarudi, anaongea Kimaasai kile kile, anavaa shanga zile zile, na wazee wanaanza kumsikiliza kwenye mkutano wa kijiji.

Frateri_Mtulivu

Wakuu, mimi bado niko kwenye malezi, kwa hiyo nachangia kwa unyenyekevu. Mnasema mzee haingii kanisani. Mimi naona sababu moja kubwa haijatajwa: wake.

Kanuni ya 1148 ya Sheria za Kanisa inasema mwanaume mwenye wake wengi ambaye hajabatizwa, akitaka ubatizo anaweza kubaki na mmoja wao, wengine anawaacha, na Kanisa lihakikishe walioachwa wanatunzwa kwa haki. Kwenye karatasi inaeleweka. Nendeni nayo bomani sasa. Kila mke ana nyumba yake, aliijenga mwenyewe kwa matawi, udongo na samadi, ni yake. Kila nyumba imegawiwa ng'ombe, na watoto wa kiume wa nyumba hiyo watarithi kutoka humo humo. Mzee akimwacha mke wa tatu, hajamwacha mke peke yake. Amevunja nyumba, amewakata vijana kwenye urithi, amewatukana wakwe waliompa binti. Halafu anakuja kupokea Mwili wa Kristo. Kwa macho ya boma amefanya dhambi kubwa ndipo akaitwa Mkristo.

Padre Eugene Hillman, naye wa Shirika la Roho Mtakatifu aliyefanya kazi kwetu Umaasaini, alilisukuma jambo hili kwa miaka mingi, akahoji kama haki inatendeka kwa wale wanawake. Waanglikana kwenye mkutano wa Lambeth wa 1988 walifungua mlango: mwenye wake wengi abatizwe pamoja na wake na watoto wanaoamini, kwa ahadi ya kutooa tena. Kwetu bado. Matokeo yake ni ubatizo wa kitandani. Mzee anasubiri mpaka amebakiza siku chache, kisha anamwita katekista.

Na kuna mkate na divai. Ngano na zabibu, hatuna ruhusa ya kubadili. Kwa watu wa maziwa na nyama hicho ni chakula cha wageni. Hapa sina la kusema zaidi, nalitii Kanisa, lakini nimeona niliweke.

Mwinjilisti_Ketumbeine

Frateri umenena. Niongeze hapo kwenye kula. Kwa mila morani hali nyama iliyoonwa na mwanamke, na wanaume na wanawake hawali pamoja. Sasa tunawaita meza moja, kikombe kimoja. Wamisionari wa mwanzo walidhani Wamaasai wangekataa kabisa. Kumbe walipofundishwa kwamba kwa Kristo hakuna mwanaume wala mwanamke, wakakubali na kushiriki. Mimi mwenyewe nimemwona mzee wa rika la Makaa anapokea baada ya binti wa darasa la sita, kwenye mstari mmoja, na hakuna aliyegeuka. Kwa hiyo tusiseme Injili ije ikubaliane na kila kitu. Pale ilipogusa ilibadilisha, na walioamua kubadilika ni wenyewe.

Mjukuu wa Oloiboni

Yeyo, maneno yako yamenigusa, sitabishana nawe. Mama yangu alikuwa na orpeko. Naye alibatizwa.

Nina swali moja kwa wote. Ile kanuni ya imani wanayoiita ya Kimaasai, inayosema Yesu alizikwa na fisi hawakumgusa, watu wa Ulaya wanaipenda sana, wanaisoma makanisani kwao. Ni yetu kweli au ni yao?

Mwana wa Monduli Juu

Swali zuri sana. Iliandaliwa na mapadre wakiwa na watu wa maboma, na ule mstari wa fisi si pambo. Wasiojua: zamani maiti ya mtu wa kawaida ilipakwa mafuta ikapelekwa porini, fisi wakamaliza usiku huo huo. Fisi wasipogusa, watu waliingiwa na hofu kwamba kuna jambo, na familia ililazimika kuchinja ili kuwavuta. Waliozikwa ni wachache, mzee mkubwa sana au oloiboni, kwa mawe. Sasa mwambie mtu wa boma kwamba kijana wa miaka thelathini na kitu, asiye na mke wala ng'ombe, aliuawa kwa aibu, akazikwa kama mzee mkubwa, na fisi hawakumgusa, na siku ya tatu alikuwa hai. Hapo anainua kichwa. Mzungu akisoma anaona Afrika. Mmaasai akisoma anasikia heshima aliyopewa maiti yule.

Kwa hiyo jibu langu: ni yetu pale inaposemwa na mtu anayewajua fisi. Kwenye vigango vingi vyetu leo inasemwa Nasadiki ya kawaida kwa Kiswahili. Sina ugomvi nayo. Ninachotaka ni wazee na akina yeyo wakae waulizwe ipi wanaitaka.

Mwenyeji_Msomera

Samahani kuchelewa, mtandao huku ni wa kuvizia. Mimi ni mmoja wa waliohama kutoka Tarafa ya Ngorongoro kuja Msomera, Handeni, tangu zoezi lilipoanza 2022. Sitaki kuingia kwenye siasa yake hapa, kuna nyuzi nyingine.

Nachangia hili la nyasi kwa sababu limetutokea. Huku watu wametoka maboma tofauti, kata tofauti, na tumewakuta wenyeji, wakiwemo ndugu zetu Waparakuyo. Majirani hawajuani, malisho yanagombaniwa, kuna watu hawasalimiani kabisa. Tulipoanza kusali chini ya mti, akina mama wawili waliokuwa na ugomvi wa maji walikuwa wamekaa pande mbili. Wakati wa amani katekista akapitisha nyasi kama kawaida. Zilipomfikia mmoja akaziweka chini.

Katekista alitaka kuendelea. Bibi mmoja, mzaliwa wa Endulen, akasimama akamwambia ngoja. Tukakaa. Ilichukua muda mrefu, watu wakaongea, wengine wakatoka nje na kurudi. Siku hiyo hatukumaliza, ibada haikuisha. Tuliendelea Jumapili iliyofuata, na wale akina mama wakawa wamekubaliana zamu za kuchota.

Yeyo_Simanjiro

Mwenyeji, mwambie huyo bibi wa Endulen namsalimia sana. Na nauliza: wazee wa kiume walikuwapo?

Mwenyeji_Msomera

Walikuwapo wawili, yeyo, wamesimama pembeni. Mmoja alikuwa mume wa yule aliyeweka nyasi chini. Jumapili ya pili alikuja akakaa.

Mwana wa Monduli Juu

Mwenyeji, nitakutafuta inbox nipate namna ya kufika huko kabla ya mvua za vuli. Katekista wetu wa Monduli anataka kuja nami, na tunaomba kukaa na huyo bibi kama atakubali. Frateri, kama ratiba ya malezi inaruhusu, njoo pia. Mjukuu wa Oloiboni, nawe nakualika, si kubatizwa, ila tunahitaji mtu wa kutuambia pale tunapokosea mila.

Wengine mlioko Endulen, Nainokanoka, Loliondo, Kajiado: kama kwenu nyasi bado zinaweza kusimamisha misa, andikeni hapa ilitokeaje na nani alisema ngoja.